Kinga na Macho ya Kipenga

Kila siku, kabla kengele ya kwanza ya shule haijalia, Tone alikuwa amekwisha fanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufagia karakana ya mama yake. Ya pili ilikuwa kuburuta sakafuni sumaku kubwa iliyofungwa kwenye kamba, ili iokote vipande vya waya na chembe za chuma ambazo ufagio haukuziona. Kazi hii ya pili aliipenda zaidi. Sumaku iliondoka ikiwa safi, ikarudi imeota ndevu, naye akainyoa kwa kitambaa juu ya kopo la taka.

Jina la Tone alipewa na bibi mzaa mama siku alipozaliwa. Alikuwa amewahi kabla ya miezi yake kutimia, na bibi alipomfunua akasema, "Huyu bado hajawa mtoto, huyu ni tone." Sasa Tone alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Udogo haukuwa umemtoka, na jina nalo lilikuwa limemganda.

Mama yake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Mama Cheche. Alitengeneza mageti, madirisha, vitanda vya chuma, na mara moja moja viti vya watu waliokatazwa na daktari kukaa chini. Ufundi aliupata kwa baba yake. Wateja wageni walifika mlangoni wakamtazama na nyundo yake mkononi, kisha wakauliza, "Fundi yuko wapi?" Mama Cheche hakukasirika. Aliwajibu, "Ngoja nivae kofia, huenda akaja." Alipoivaa ile kofia ya kuchomelea iliyofunika uso mzima, yenye kioo cheusi mbele ya macho, akawasha mashine, hapo mteja alielewa kuwa alikuwa akizungumza na fundi mwenyewe.

Katikati ya karakana lilisimama bati pana lililofika hadi ukutani, limepigiliwa kwenye miguu ya chuma. Upande wa ndani mama alichomelea, upande wa nje watu walipita na kusubiri. Bati hilo liliitwa kinga, na sheria yake ilikuwa moja tu: asiye na kioo cheusi haruhusiwi kutazama nyuma ya kinga mashine ikiwaka. Tone aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusoma.

"Mwanga huu unaunguza jicho kama jua linavyounguza ngozi," mama yake alimwambia mara nyingi. "Tatizo ni kwamba jicho halilalamiki papo hapo. Linakuacha uende zako, ule, ucheze, ucheke. Baadaye ndipo linaanza kuwaka."

Ijumaa moja mwalimu wa Kiswahili aliingia darasani na kopo lililojaa vikaratasi. Wanafunzi walimwita Mzee wa Maana, kwa sababu hakuna neno lililopita mbele yake bila kuulizwa, "Maana yake nini?" Alikuwa mtu mpole, mwenye vumbi la chaki kwenye mifuko yote miwili ya suruali.

"Kila dawati lichote karatasi moja," alisema. "Ndani yake kuna neno. Jumatatu mtatuambia mambo matatu: maana ya neno hilo, asili yake, na watu wanavyolitumia. Kamusi ipo maktaba, lakini msiniletee kamusi peke yake. Neno huishi midomoni mwa watu. Nendeni mkalisikilize linakofanya kazi."

Tone aliketi dawati moja na Kipenga tangu darasa la kwanza. Kipenga alikuwa msichana mrefu, mwenye kicheko chembamba na kikali kilichowahi kumsimamisha refa wa mpira akidhani kuna mwenzake uwanjani. Alilelewa na bibi yake, nyumba ya nne kutoka karakanani. Ndiye aliyeingiza mkono kwenye kopo. Karatasi ilipokunjuliwa ilikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: KINGA.

"Tumepata mteremko," Kipenga akanong'ona. "Kwenu limejaa tele."

Jumamosi asubuhi wakafika karakanani na daftari. Mama Cheche alikuwa akipima nondo za geti. Tone akamweleza kazi waliyopewa, naye akaligonga lile bati kwa kidole.

"Kinga ni hii," alisema. "Na hii." Akaonyesha kofia yake. "Na glovu hizi, na aproni ya ngozi. Kinga ni kitu kinachozuia dhara lisikufikie. Andikeni hivyo."

Wakaandika.

"Na kuna kinga ya mwilini," aliongeza, "ile inayopigana na maradhi. Mtoto anapochanjwa hupata kinga. Halafu kuna moja ambayo hata mimi sijaielewa. Nikiwa mdogo, mvua ikinyesha, mama alitutuma tukakinge maji. Tunaweka ndoo chini ya paa, maji yanaingia. Sasa bati hili linakinga mwanga usipite, na ndoo inakinga maji yaingie. Mbona kazi mbili zinapingana, na neno ni lile lile? Mkimuuliza mwalimu wenu, mniletee jibu."

Kipenga akaandika swali hilo na kulipigia mstari mara mbili.

"Haya, tokeni sasa, naanza kuchomelea," mama akasema. "Mkamalizie nje."

Wakatoka hadi barazani. Mashine ikaanza kuunguruma, na ule mlio wa kukaanga ukasikika ndani. Tone alikaa chini na daftari, lakini Kipenga hakukaa. Alizunguka pembeni, akarudi na macho yaliyochangamka.

"Kuna upenyo," alisema. "Pale bati linapokutana na ukuta. Njoo tuchungulie."

"Haturuhusiwi."

"Mara moja tu. Tutaandikaje habari za kinga bila kuona inakinga nini?"

"Unaunguza macho, Kipenga."

"Mama yako anafanya kila siku, na sindano anaitunga uzi bila miwani." Kipenga akainama akamtazama. "Au mtoto wa fundi anaogopa cheche?"

Maneno hayo yalimchoma Tone. Shuleni alikuwa amezoea kuambiwa mdogo, hata viatu vyake vilichekwa, lakini karakana ilikuwa yake. Hapo hakutaka mtu amwone mwoga. Akainuka, wakanyata hadi kwenye ule upenyo, uliokuwa na upana wa vidole viwili.

"Tunahesabu hadi thelathini," Kipenga akasema. "Anayefumba kwanza ameshindwa."

Tone, kwa ufupi wake, alipiga magoti chini. Kipenga alisimama nyuma yake, akachungulia juu ya kichwa chake. Mwanga mweupe wenye ubuluu ulipowaka, Tone akafumba macho. Akayafumba kabisa, akayabana. Kipenga hakuweza kumwona.

"Kumi na mbili, kumi na tatu. Bado unatazama?"

"Bado," Tone akajibu, macho yamefumbwa.

Walipofika thelathini Kipenga akataka tena, na baada ya hapo tena. Mara tatu alihesabu, na mara tatu Tone akasema "Bado natazama." Mwishowe mashine ikazimwa, wakakimbia barazani wakicheka. Kipenga alisema anaona vidoti vya kijani kila anapotazama, hata puani mwa Tone. Wakaagana kwa furaha.

Mchana ule Tone alijiambia kwamba hakuna kilichotokea. Alijiambia hivyo mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa jambo ambalo halikutokea.

Jumapili asubuhi alichukua daftari akaenda kwa kina Kipenga ili wamalize kazi yao. Alimkuta bibi uani, akifua polepole kama mtu aliyechoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu." Bibi alipenda kuwatania hivyo marafiki wa mjukuu wake, lakini leo utani ulitoka bila tabasamu. "Ingia ndani. Mwenzio macho yamemgeuka. Tangu jana jioni analia kama aliyemwagiwa mchanga. Usimshike mikono, nadhani ni yale maradhi ya macho mekundu, yasije yakakurukia."

Chumbani kulikuwa na giza kidogo. Pazia lilikuwa limeshushwa, na Kipenga alilala chali, amejifunika shuka hadi kichwani. Kipenga alipoifunua, Tone alirudi nyuma hatua moja. Kope za Kipenga zilikuwa zimevimba, machozi yakimtiririka hadi masikioni, na alishindwa kuyafumbua macho zaidi ya mwanya wa uzi.

"Ni wewe?" Kipenga akauliza.

"Ni mimi."

"Yako vipi?"

Tone akatazama pazia. "Yana nafuu."

"Una bahati. Mimi kila nikipepesa ni kama kuna misumari." Kipenga akapapasa hewani hadi akaupata mkono wa rafiki yake, bila kujali maonyo ya bibi. "Sikia. Sijamwambia bibi. Akijua hatanikubalia tena kuja kwenu, na mama yako atatufukuza wote. Usiseme. Nikingie kifua, Tone."

"Nitakukingia," Tone akasema.

Hata hapo, katika chumba kile, alikumbuka kazi yao. Kumkingia mtu kifua: hayo yalikuwa matumizi mengine ya neno, mazuri kabisa, ambayo dawati jingine lisingeyapata. Akafungua daftari ili aandike. Kalamu iligusa karatasi, ikakaa pale pale, ikatoa doa. Hakuandika.

Bibi akaingia, ameshika kichupa kidogo cha dawa ya macho. "Mungu hamtupi mja wake," alisema. "Jirani amenipa hii. Mume wake aliitumia alipopasuliwa jicho, mwaka juzi, ikamsaidia sana. Imebaki nusu."

Tone akakitazama kichupa. Karatasi yake ilikuwa imechakaa, maandishi yamefutika, na dawa ndani ilikuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele.

"Bibi, hiyo ni ya maradhi gani?" akauliza.

"Ya macho, mwanangu. Macho si ni macho?"

Bibi akaketi ukingoni mwa kitanda, akamlaza mjukuu wake kichwa mapajani, akamfungua kope kwa kidole. Kipenga akaguna kwa maumivu. Kichupa kikapinduliwa. Tone aliiona dawa ikijikusanya mdomoni mwa kichupa, ikining'inia. Alijua jambo ambalo bibi hakulijua. Alijua kwamba haya hayakuwa maradhi ya kuambukiza, wala hayakufanana na ya yule mzee aliyepasuliwa. Na aliyekuwa na habari hiyo chumbani, ukimwacha Kipenga mwenyewe, alikuwa yeye peke yake, naye alikuwa ameahidi kunyamaza.

Akanyoosha mkono, akaukinga juu ya jicho la Kipenga. Dawa ikadondokea mgongoni mwa kiganja chake.

"Kwani una nini wewe?" bibi akauliza kwa mshangao.

"Bibi, hayo si maradhi. Ni mwanga wa kuchomelea. Jana tulichungulia."

"Tone," Kipenga akasema kwa sauti ya kusalitiwa.

"Tulichungulia mara tatu," Tone akaendelea, maana alihisi akisimama hataweza kuanza tena. "Mama hajui. Mimi nilijua hairuhusiwi, nikakubali. Usimtie hiyo dawa, bibi, tafadhali."

Bibi akakitazama kichupa, akamtazama mjukuu wake, kisha akakifunga kichupa polepole. "Kamwite mama yako," alisema. "Nenda mbio."

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Mama Cheche alimshika Kipenga mkono njia nzima, akimwambia wapi pana shimo na wapi pana ngazi, naye Kipenga alikwenda na kitambaa usoni. Tone na bibi walifuata nyuma. Hakuna aliyemgombeza Tone, na kwa kweli angependelea agombezwe.

Tabibu aliyewapokea alikuwa mwanamke mwenye miwani minene. Aliuliza swali moja kabla ya yote: "Alikuwa akitazama nini?"

Tone akajibu. Alisema mwanga wa mashine, saa ngapi, umbali gani, mara ngapi. Tabibu akaitikia kwa kichwa, akamtia Kipenga dawa ya rangi ya njano, akayamulika macho yake kwa kurunzi ndogo na kuyachunguza kwa muda mrefu.

"Kioo cha jicho kimeungua juu juu," alisema. "Kitapona, ndani ya siku mbili au tatu, tukikiacha kipone. Nitakupa dawa ya matone na vidonge vya maumivu. Akae chumba chenye giza, mumwekee kitambaa cha maji baridi juu ya kope, na asisugue macho kabisa." Kisha akamgeukia bibi. "Mlikuwa mmeshamtia kitu chochote?"

Bibi akatoa kichupa kwenye fundo la nguo yake. Tabibu akakisogeza karibu na miwani, akakirudisha mezani kana kwamba kina moto.

"Mama, dawa hii imekwisha muda wake. Na ingekuwa mpya bado isingekuwa yake. Dawa ya macho ikishafunguliwa haikai miaka, huingia vijidudu. Jicho lililoungua ni kama kidonda kibichi. Ungeingiza uchafu kwenye kidonda, na hapo tungezungumza habari nyingine, si ya siku mbili." Akamtazama Tone. "Nani aliyesema ukweli?"

"Huyu hapa," bibi akasema.

"Amenipunguzia kazi kubwa. Wengi huja hapa na siri, nami nabaki kubahatisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua."

Wakati Kipenga akipewa dawa, Tone na mama yake walisubiri kwenye benchi la nje. Mama alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikunjua.

"Macho yako wewe yakoje?" aliuliza. "Sijakusikia ukilalamika."

Hili ndilo swali Tone alilokuwa akilikimbia tangu jana. Angeweza kusema yalimuuma kidogo. Hakuna ambaye angejua.

"Mimi nilifumba, mama."

"Ulifumba?"

"Tangu mwanzo. Nilimwambia natazama, lakini nilifumba. Nilijua yataungua."

Muuguzi akapita na ndoo, mgonjwa akakohoa mahali fulani.

"Kuvunja sheria yangu ningekusamehe kabla hatujafika nyumbani," mama akasema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Watoto huchungulia, hata mimi nilichungulia kwa baba yangu. Lakini ulikuwa na habari ya kumwokoa mwenzako, ukaitumia kujiokoa peke yako. Hilo, mwanangu, limeniuma."

Machozi yakamtoka Tone. Mama akamwacha alie, ila akamsogelea hadi mabega yao yakagusana.

"Na mimi nina langu," aliongeza. "Ule upenyo niliuona tangu mwezi uliopita. Kila siku nilisema nitauziba kesho. Fundi anayeziba nyumba za watu, yake ina tundu. Kwa hiyo tunakwenda kuomba radhi kwa bibi wote wawili, mimi kwanza. Kisha wewe utamwambia Kipenga mwenyewe. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Mama Cheche aliomba radhi siku ile ile, amesimama uani kwa bibi kama mtoto aliyevunja chungu. Bibi akamwambia asiendelee kujitesa, maana naye alikaribia kumharibu mjukuu wake kwa mikono yake, tena kwa mapenzi. Jioni kelele za nyundo zikasikika karakanani. Upenyo ukazibwa kwa kipande cha chuma kizito, na mlango mdogo ukawekwa upande wa baraza, ambao hufungwa mashine ikiwaka.

Tone alikwenda kwa Kipenga Jumatatu baada ya masomo. Asubuhi alikuwa amemwomba mwalimu awasubiri, naye akawapa hadi Jumatano. Alimkuta rafiki yake ameketi kitandani, kitambaa chenye maji baridi kimemkaa usoni, uvimbe umepungua.

"Msaliti amekuja," Kipenga akasema, lakini kwa utani. "Bibi amesema nisikununie. Anasema umeniokoa."

"Sijakuokoa. Kuna jambo hujui." Tone akabaki amesimama. "Siku ile sikutazama. Nilifumba macho mara zote tatu."

Kipenga akakiondoa kitambaa. Macho yake mekundu yakamtazama kwa shida.

"Ulikuwa unaniambia 'bado'."

"Ndiyo."

"Nikiendelea kuhesabu kama mjinga."

"Ndiyo. Mjinga nilikuwa mimi. Nisamehe."

Kipenga akageuka, akatazama ukuta. Tone akangoja. Hakujua angoje kwa muda gani, kwa hiyo akaketi sakafuni karibu na mlango, asimwondokee wala asimkaribie. Nje bibi alianua nguo. Baada ya muda mrefu Kipenga akasema, bila kugeuka, "Daftari umekuja nalo?"

"Ninalo."

"Nisomee tulipofika. Mimi sioni vizuri, unajua kwa nini."

"Najua," Tone akasema, akaanza kusoma.

Hawakuwa wamerudi kama zamani, si siku ile. Kipenga alijibu kwa mkato, na Tone alipofanya mzaha hakucheka. Lakini kesho yake alimtuma bibi aende kumwita Tone kabla ya chai ya jioni, na alipofika alimwambia, "Umechelewa," kama alivyokuwa akimwambia siku zote.

Jumatano wakasimama mbele ya darasa. Kipenga alivaa kofia pana ya bibi yake, kwa kuwa tabibu alimtaka aepuke jua, na wavulana wa nyuma walipoanza kuguna akawatazama mpaka wakanyamaza. Alisoma maana: kitu kinachozuia dhara, uwezo wa mwili wa kushindana na maradhi. Alisoma matumizi: miwani ya kinga, kinga ya chanjo, kukinga mvua kwa mwavuli, kukinga maji kwa ndoo. Mmoja akadakia kutoka nyuma, "Na kinga na kinga ndipo moto uwakapo."

"Hiyo kinga ni ukuni wenye moto," mwalimu akasema. "Ni neno jingine linalofanana nalo kwa sauti tu. Umefanya vizuri kulikumbuka. Endeleeni."

Tone akachukua daftari.

"Tumepata matumizi mengine," alisema. "Kumkingia mtu kifua. Ni kumtetea mtu au kumficha ili asipatwe na jambo." Akaeleza yaliyotokea, upenyo, kuhesabu, kichupa cha jirani. Hakuruka mahali alipofumba macho. Alipomaliza, akauliza lile swali la mama yake: kwa nini bati linalozuia na ndoo inayopokea viwe na neno moja.

Mzee wa Maana akaweka chaki mezani.

"Mama yako ni mwalimu, ila analipwa kwa mageti," alisema, na watoto wakacheka. "Hifadhi, lenye maana ya karibu na kinga, ni neno lililotujia kutoka Kiarabu. Kinga ni la Kibantu, na lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Ukilichunguza, kiini chake ni kuweka kitu njiani. Kitu kinakuja, wewe unatangulia mbele yake kwa mkono, kwa bati, kwa ndoo. Bati limewekwa katika njia ya mwanga, ndoo imewekwa katika njia ya maji. Ndiyo maana tunasema mti umekingama barabarani. Neno lenyewe halijakuambia kama unachozuia ni kizuri au kibaya. Hilo limeachiwa wewe."

Akatembea hadi mbele ya dawati la kwanza.

"Sasa sikilizeni, wanangu. Jumapili asubuhi Tone alikubali kumkingia rafiki yake kifua. Akajiweka njiani, kati ya ukweli na watu waliotaka kusaidia. Nani alipata kinga pale? Si Kipenga. Macho yake yaliendelea kuungua, na dawa mbaya ilikuwa njiani. Iliyopata kinga ni siri. Dakika chache baadaye akajiweka mahali pengine, kati ya dawa mbaya na jicho. Msichana ni yule yule, ila safari hii alimkinga mtu." Akawatazama mmoja mmoja. "Mkingie rafiki yako asidhurike. Usilikingie kosa lake lisijulikane, wala lako. Na kama unajua hatari ambayo mwenzako haijui, mwambie kwanza, hata akikucheka, hata akikuita mwoga. Ukijikinga wewe ukamwacha yeye, utabaki na macho mazima ambayo huwezi kumtazama nayo."

Mwalimu akawapa alama, akawaambia wakaketi.

"Mwalimu," Kipenga akasema kabla hajaketi, akiinua ukingo wa kofia yake. "Anaweza kunitazama sasa. Tumeshayamaliza."